Waliosugua Vinyago

Wamakonde husimulia kwamba mama yao wa kwanza alichongwa. Mwanamume mmoja, aliyeishi porini peke yake bila kuoga wala kunyoa, alichonga gogo likapata umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya kibanda chake. Usiku ule likawa mtu. Wakakaa bondeni karibu na mto, wakapata mtoto, mtoto akafa. Wakasogea juu kidogo, akazaliwa wa pili, naye akafa. Walipopanda hadi juu kabisa, kwenye uwanda wenye vichaka na ardhi kavu, wa tatu akaishi, na uzao wake ndio sisi. Karl Weule, Mjerumani aliyetembelea Masasi na Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo kitabuni. Mimi niliisikia kwa bibi yangu, na kwa miaka mingi niliichukua kama maelezo tu ya kwa nini wazee wetu walichagua kukaa mahali pasipo na maji. Utu uzima uliponikuta ndipo nikaona jambo jingine. Katika hadithi yetu mwanamke ndiye kinyago cha kwanza. Halafu wanawake hao hao tukakatazwa kutazama vinyago vikichongwa.

Kwetu ni Newala, si mbali na ule ukingo unaoitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini, Msumbiji ikionekana ng'ambo. Mwezi wa sita ukungu huingia mpaka jikoni. Masasi, ninakoishi sasa, iko chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe matupu, na joto lake ni jingine kabisa. Mtu wa juu akishuka Masasi hulalamika mwaka mzima, kisha anazoea.

Taabu ya mama zetu ilikuwa maji. Uwanda ni mchanga; mvua ikinyesha inazama. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, wanawake walishuka bondeni kwenye chemchemi na kuupanda tena ukingo wakiwa na mtungi kichwani. Kwa maisha ya namna hiyo mtungi mbaya ni hasara ya siku nzima, na mfinyanzi mzuri alijulikana vijiji vingi.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Udongo ulitoka bondeni, ukaloweshwa, ukapondwa, ukalazwa. Hakuwa na gurudumu. Alianza na bonge, akalitoboa katikati kwa ngumi, akazivuta kuta juu huku yeye mwenyewe akiuzunguka mtungi kinyumenyume, ameinama. Akalainisha kwa gunzi la mahindi, kisha kwa kokoto ya mtoni. Kabla ya kuuanika alifumba macho, akaingiza mkono mmoja ndani na kuuweka mwingine nje, akaupima ukuta kwa viganja kuanzia kitako hadi shingoni. Nilimuuliza kwa nini hatazami.

"Jicho linapenda kusifiwa," akasema. "Linaona linachotaka. Kiganja hakina makuu."

Mjomba wake bibi, kwa masimulizi ya nyumbani, alichonga midimu, yaani vinyago vya jando. Watu wengi, hata Watanzania wenzetu, wakisikia Mmakonde anachonga wanawaza mpingo. Vinyago vile vya zamani vilikuwa vya mti mwepesi, na sababu ni ya kawaida sana: kinyago kinavaliwa na mtu anayeruka, pengine akiwa juu ya ngongoti. Nani atacheza akiwa na mpingo usoni? Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Basi ulichaguliwa mti laini, ukachimbwa ndani mpaka ukawa kama gamba, ukabandikwa nywele halisi, ukachorwa nembo mashavuni. Vingine vilikuwa vya kiwiliwili: matiti na tumbo la mja mzito, lenye nembo zake zote, ambavyo mwanamume hujifunga kifuani na kucheza kama mwanamke.

Kazi hiyo ilifanyika porini, mbali na macho yetu. Wanawake na watoto walitakiwa kuamini kwamba anayecheza uwanjani si fulani mwana wa fulani bali mzimu uliokuja kuwapokea vijana waliotoka jandoni. Waswahili wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nadhani methali hiyo ilitungwa na mwanamume. Sisi tulitishwa, tukakimbia, tukapiga vigelegele kutoka mbali. Na bibi, ambaye mdomo wake wa juu bado ulikuwa na tundu la ndonya aliyoivaa ujanani, alikimbia pamoja nasi huku akicheka. Siku moja, akiwa mzee sana, aliniambia kwamba wanawake wote walijua. Walijua kwa miguu. Mwanamke gani hatambui miguu ya kaka yake?

Hilo lilinifundisha mapema kwamba siri ya ufundi inaweza kutunzwa na wale wale wanaofichwa.

Mjomba wangu mimi, kaka yake mama, hakuchonga midimu. Alichonga mpingo, kwa ajili ya kuuza, na hapakuwa na siri yoyote. Alikaa chini ya mwembe uani, gogo limebanwa kati ya nyayo zake, tezo mkononi. Tezo kubwa ya kutoa umbo, ndogo ya kufuatilia, patasi na nyundo ya mti kwa sehemu za ndani, tupa kwa kona, kisha msasa. Hapo kwenye msasa ndipo tulipoingia sisi wasichana. Mjomba alichonga, mama, mkewe, mimi na dada zangu tulisugua. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi za wachongaji, na bado ndivyo ilivyo ukipita vibandani ukatazama nani amekaa nyuma.

Kusugua si kazi ndogo. Unaanza na msasa wa chembe kubwa kufuta alama za tupa, unashuka hadi ule laini unaofanana na karatasi ya kawaida, unasugua kwa kufuata uzi wa mti, sehemu nyingine ukikunja msasa kwenye kijiti ili ufike chini ya kwapa la kinyago au kati ya vidole vyake. Vumbi la mpingo linawasha pua na macho, na wengine linawatoa vipele. Tulijifunga khanga puani. Mwishoni unapaka nta au kiwi kidogo, unapiga brashi, unang'arisha kwa kitambaa. Mjomba hakupenda kiwi nyeusi. Alisema kiwi nyeusi ni ya kuficha, kwa kuwa wapo wanaochonga mti mwingine na kuupaka mpaka ukafanana na mpingo, na mnunuzi akifika kwao anakuta rangi imebaki kwenye taulo. Ukitaka kujua, kwaruza kitakoni kwa msumari, kisha kipime mkononi. Mpingo halisi ni mweusi wenye kahawia au zambarau ndani yake, na ganda lake ni la rangi ya maziwa yaliyoiva. Mchongaji mwenye akili huliacha ganda hilo mahali fulani, likawa kitambaa cha kichwa au ukingo wa vazi.

Nilisugua kwa macho yaliyofumbwa, kama bibi. Mjomba aliniona.

"Umelala, mpwa wangu?"

"Hapana, mjomba. Nasikiliza bega lake. Kuna mlima hapa."

Akakichukua, akapitisha kidole gumba, akanyamaza. Kisha akashika tupa na kuushusha ule mlima. Tangu siku hiyo alianza kunipa kazi kabla hazijafika kwenye msasa, nizishike na kumwambia pana nini. Hakuwahi kusema ananifundisha, wala mimi sikufikiri najifunza. Ukisoma vitabu vya sanaa utadhani ufundi hupita kutoka kwa bwana hadi mwanafunzi wake kwa kutazamana. Kwetu ulipita kwa mtungi, ukafika kwenye msasa, ukarudi kwenye tezo, na watu wawili kati ya hao watatu hawakuhesabiwa kuwa mafundi wa vinyago.

Mpingo wenyewe, niseme, si wa kale kama wauzaji wanavyopenda kutangaza. Uchongaji wa mpingo kwa ajili ya soko ulikua katika karne ya 20, wakati Wamakonde wengi, hasa kutoka Mueda ng'ambo ya Ruvuma, walipovuka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na baadaye walipoikimbia vita ya ukombozi iliyoanza Msumbiji mwaka 1964. Wengine walifika Dar es Salaam. Huko Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago, aliwapa magogo, akanunua kazi zao na kuwahimiza wajaribu. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa dimoongo, ule mnara wa watu waliobebana, ambao siasa za Mwalimu Nyerere zilipoenea ukaanza kuitwa ujamaa. Samaki Likankoa anatajwa kwa mashetani: viumbe wa jicho moja, tumbo lililotoboka, mguu unaogeuka kuwa mkono. Clemente Ngala akaja na mawingu, maumbo yasiyo na uso wa mtu. Hao walikuwa watu wa juzi, waliokuwa hai wazazi wetu wakiwa vijana, na kila mmoja alifanya kitu ambacho mjomba wake hakukifanya.

Ndiyo maana nakereka nikisikia mtalii akihakikishiwa kwamba ujamaa anaoununua ni wa mababu wa miaka elfu moja. Mjomba wa bibi angeuona ujamaa asingejua ni nini. Kama urithi ungekuwa ni maumbo, familia yetu ilikwisha kuupoteza mara mbili.

Ukoo wetu hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume wa kumwangalia ni mjomba kabla ya baba. Kwa hiyo tezo ya fundi haikuwa na njia iliyonyooka kutoka kwa baba hadi mwana. Ilitoka kwa mjomba, ikaenda kwa mtoto wa dada yake. Wataalamu wameandika mengi kuhusu hilo, lakini sijaona wakitazama katikati ya njia yenyewe. Kati ya mjomba na mpwa pana mwanamke. Bila dada, mchongaji hana mrithi.

Msanii mashuhuri kuliko wote wa kusini alipata nafasi yake kwa njia hiyo hiyo. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934, alianza kuchonga mizizi ya muhogo kama wafanyavyo watoto wetu, kisha akahamia kwenye mti. Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970, mjomba wake Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa tayari Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Mjomba akamtafutia kazi ya ulinzi. Mlinzi yule akaanza kuchora. Mashetani ya mpingo yakashuka kwenye karatasi na turubai, yakavaa nguo za rangi, yakaanza kupika, kucheza ngoma na kugombana. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 zilikuwa zimefika Ulaya na Japani. Mjomba alichonga na mpwa akapaka rangi. Hakuna aliyesema mpwa amepotea njia.

Familia nyingine hurithishana vingine. Kule Kitengela, kusini mwa Nairobi, Nani Croze alianzisha karakana ya vioo vya rangi, madirisha yanayounganishwa kipande kwa kipande, kwa vioo vya kuokotwa na chupa zilizotupwa. Mwanawe Anselm akafungua tanuru lake, lakini yeye akachagua kioo kinachoyeyushwa na kupulizwa. Wale ni mama na mwana, sisi ni mjomba na mpwa, na katika nyumba zote mbili mrithi hakurudia kazi aliyoikuta.

Mjomba wangu hakuandika jina lake kwenye kinyago hata kimoja. Mnunuzi mmoja aliyekuwa akipita Newala na gari lake alimwambia wazi kwamba jina linashusha bei, kwa sababu wazungu wanataka kitu cha kabila, hawataki kitu cha mtu. Mjomba alinung'unika, akapokea fedha. Msimu wa korosho ulikuwa mbali na ada zilikuwa karibu. Vinyago alivyovikusanya Weule vilikwenda Leipzig, na huko navyo vimebeba jina la kabila kuliko la mtu. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilipogunduliwa huko, mazungumzo yaliyoanza mwaka 1990 yakaendelea miaka 20, mpaka kikarudishwa mwaka 2010. Nilifurahi sana, na ninawasifu waliokipigania. Lakini niliposoma habari ile nilitafuta jina la aliyekichonga. Serikali, makumbusho na wanasheria walikuwa na majina yao. Mchongaji alikuwa "Makonde".

Mjomba alipofariki, baada ya arobaini, wazee walikaa kugawa vitu vyake. Tezo, patasi na tupa zilikuwa za kaka yangu, mtoto wa kiume wa dada; hilo halikuwa na mjadala. Kaka akashukuru, akaeleza kwamba yeye ana mikorosho na pikipiki, na kwamba mkono wake haujawahi kushika tezo isipokuwa kukata kuni. Nikasema nitazichukua mimi. Pakawa kimya, kisha mzee mmoja akauliza kwa upole, si kwa ubaya, kama inafaa mwanamke kushika tezo ya ukoo. Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango.

"Kilichochongwa kwanza kilikuwa mwanamke," akasema. "Akichonga leo, kipi kimeharibika?"

Mzee akacheka, wengine wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Mara nyingi nimeulizwa na wageni kama nilipambana na mila. Sikupambana. Mila yenyewe ilikuwa na mlango huo, ila hapakuwa na aliyewahi kuusukuma.

Sasa nina kibanda Masasi, barabarani. Nachonga vitu vidogo: bakuli, vijiko, vichwa vya kina mama wenye ndonya, mara chache mnara wa watu watano au sita. Tumbo la kila kinyago changu linatoka kwenye mtungi wa bibi, na wanaojua kazi hulitambua. Mpingo umekuwa wa shida. Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, kuukata kunahitaji kibali, na wanaoutaka ni wengi, wakiwemo watengenezaji wa kilarineti na zumari wa Ulaya. Hilo la kibali silipingi. Nanunua vipande vilivyobaki kwenye viwanda vya mbao, naviweka kivulini vimefunikwa magunia, maana jua la Masasi likiupiga mpingo mbichi unapasuka. Kilwa kuna vijiji vilivyopata cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo kwa utaratibu mwaka 2009, na natamani misitu yetu ya huku isimamiwe hivyo kabla haijaisha.

Binti yangu anasugua. Mtoto wangu wa kiume pia anasugua, na hilo ni jipya nyumbani kwetu. Mwanzoni alilalamika kwamba ni kazi ya wasichana, nikamwambia asiyejua kusugua sitampa tezo. Yeye ni wa ukoo wangu kama alivyo dada yake. Safari hii tezo haina haja ya kuzunguka kwa mjomba. Yupi ataichukua sijui, na pengine watachukua wote wawili waende nayo kwenye plastiki au kwenye kompyuta, shauri yao. Ninachowadai ni kwamba wafumbe macho kabla ya kusema kazi imekwisha.

Kila kinyago kinachotoka kibandani kwangu kina majina mawili kitakoni, la aliyechonga na la aliyesugua. Wateja wengine wananiuliza kwa nini nahangaika, na mmoja aliomba punguzo kwa sababu hiyo. Sikumpa.

Nawe msomaji, ukisimama mbele ya vinyago, iwe Mwenge, Mtwara au hapa Masasi, usianze na bei. Uliza nani alichonga. Ukijibiwa, uliza nani alisugua, na kama yuko nyuma ya kibanda omba aitwe. Kisha azima msumari, geuza kinyago, uandike majina yote mawili chini kabla hujatoa pesa mfukoni.